Bia inanuka ndizi na karafuu: imeharibika, au ndivyo ilivyotengenezwa?

Swali: Tuko marafiki wanne wa Milimani, Kisumu. Kaka yangu alituletea kutoka Nairobi, kwa basi la usiku, chupa tano za mililita 330 za bia za mtindo wa Ubelgiji: nyeupe ya ngano, sezoni (bia kavu ya mashambani), dubeli (ya kahawia) na tripeli mbili (za dhahabu, zenye kileo kikali zaidi). Kesho yake jioni tukakaa verandani na samaki wa kukaanga, tukitaka kuzionja na kuandika tathmini. Ile ya ngano tuliifungua moja kwa moja kutoka kwenye boksi, ikafoka, nusu ikaenda mezani. Nyingine tukazitia friza saa moja. Zikawa baridi vizuri lakini hatukuona tofauti ya ladha. Dubeli ilipokaa kwenye glasi ikaanza kunuka ndizi mbivu na karafuu, tukabishana kama imeharibika. Halafu mwenzetu aliyemiminiwa mwisho akasema tripeli yake ina matope na uchungu, ilhali zetu tatu zilikuwa safi, na chupa ni moja. Imebaki tripeli moja juu ya kabati la jikoni. Tulikosea wapi, na tathmini huandikwaje ili asiyekuwepo aielewe?

Jibu: Ndugu msomaji, dubeli yenu ilikuwa nzima. Ndizi na karafuu ni kazi ya hamira, na katika bia za mtindo wa Ubelgiji hamira ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya harufu. Laga tuliyoizoea huchachushwa kwa baridi, kama nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hamira iliyochaguliwa kwa sababu inakula sukari, inatoa kileo na gesi, kisha haiachi harufu kubwa nyuma yake. Hamira za Kibelgiji hufanya kazi kwenye nyuzi 20 kwenda juu, na baadhi ya zile za sezoni huvuka hata 30. Katika joto hilo hutoa esta, kemikali zenye harufu ya matunda. Mojawapo, isoamili asetati, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye ndizi mbivu, kwa hiyo aliyesema "ndizi" hakuwa akibahatisha. Karafuu nayo inaanzia kwenye asidi ya feruliki iliyomo katika shayiri na ngano: hamira hizi huigeuza ikawa fenoli, kemikali yenye harufu ya viungo, ambayo ni jamaa wa karibu wa ile inayoipa karafuu ya pilau harufu yake. Hamira ya laga haiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana ukinusa karafuu kwenye laga, shuku kwamba hamira ya mwitu imeingia kiwandani. Ukiinusa kwenye dubeli, iko kwao.

Mpaka upo, hata hivyo. Ndizi ikija pamoja na harufu kali ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, hamira ilichachusha kwenye joto lililozidi au ilichoshwa, na hiyo ni kasoro. Karafuu ikigeuka plasta ya kidonda, anza kushuku glasi yako kabla hujamshuku mtengenezaji, kwa sababu maji ya mfereji yenye klorini yakibaki ndani huweza kuleta harufu hiyo. Siagi ya bisi, maji ya mahindi ya kuchemsha, siki: hizo kwenye dubeli au tripeli ziandikwe upande wa makosa bila kusita. Tufaha bichi pia, ingawa hiyo mara nyingi humaanisha tu kwamba bia ilitolewa mapema kabla hamira haijamaliza kazi.

Sasa povu. Bia nyingi za aina hii huongezwa sukari kidogo na hamira wakati wa kujazwa, zikachachuka mara ya pili ndani ya chupa. Lita moja ya laga ya kawaida hubeba kama lita mbili na nusu za gesi. Hizi hubeba tatu hadi nne. Chupa yenu ya ngano ilikuwa na joto la Kisumu, na kadiri bia inavyopata joto ndivyo inavyoshindwa kuishikilia gesi. Usiku kucha ilikuwa ikitikiswa barabarani, hamira iliyotulia chini ikachanganyika, na kila chembe ya hamira ni mahali pa kiputo kuzaliwa. Ongeza mwinuko: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inakandamiza kwa asilimia 88 hivi ya ile ya pwani. Mwenye kufungua chupa hiyohiyo Nakuru, kwenye mita 1,850, ana asilimia 80 tu, kwa hiyo ajiandae kwa povu zaidi hata kama amefanya kila kitu sawasawa. Dawa ya yote haya ni moja: chupa isimame wima kwenye friji siku tatu kabla ya kufunguliwa, rafu ya nyuma, si mlangoni ambako inatikiswa kila mtu akifuata maziwa. Chupa iliyopumzika hivyo, ikiwa baridi, na bado ikafoka hadi nusu imwagike, hiyo ina ugonjwa: ama vijidudu visivyoalikwa vimekula sukari iliyobaki, ama shayiri yake ilishambuliwa na kuvu shambani. Hapo ndipo una haki ya kuandika "ilifoka" kama kosa la bia.

Tope la mwenzenu linatokana na hamira hiyohiyo. Mlimmiminia wa kwanza, mkaisimamisha chupa, mkammiminia wa pili, mkaisimamisha tena. Kila chupa iliporudi wima, bia iliyobaki ilirudi kwa kishindo na kuyakoroga mashapo ya chini. Wa nne akapata karibu yote: ukungu, ladha ya mkate mbichi, uchungu unaoganda nyuma ya ulimi. Hakukosea hata kidogo. Alikuwa akionja kitu tofauti na chenu, na tathmini zenu nne zilihusu bia mbili.

Miminieni hivi. Glasi nne zikae zimegusana kwa mstari, kila moja ikiwa na alama ya utepe mahali ambapo mililita 75 za maji zilifika mlipozipima. Fungua chupa bila kuiinua mezani kwa ghafla. Ilaze polepole mpaka bia ianze kutiririka kwenye ukuta wa glasi ya kwanza, jaza nusu ya alama, kisha usogeze mdomo wa chupa hadi glasi ya pili, ya tatu, ya nne, huku chupa ikiwa imelala muda wote. Rudi nyuma kutoka ya nne kwenda ya kwanza ukimalizia, safari hii ukiinua chupa kidogo ili bia ianguke katikati na kuamsha povu. Kwenye shingo ya chupa utaona uzi mweupe, kama moshi, ukitambaa kuelekea mdomoni. Ukiuona tu, acha. Hizo mililita 30 zilizobaki weka kando. Bia nyeupe ya ngano ndiyo pekee kati ya zenu ambayo ukungu ni sehemu ya sura yake: zungusha zile za mwisho polepole ndani ya chupa na uzigawe kwa wote sawa.

Kutofautiana kwa ladha kulipotea kwenye friza. Saa moja ndani ya friza ya nyumbani inaifikisha chupa ndogo karibu na sifuri, na kwenye sifuri esta hazipandi kutoka kwenye glasi, ulimi nao unakufa ganzi. Mlichobaki nacho ni gesi na baridi, na hivyo ni vilevile katika kila bia. Ushahidi mliuona wenyewe: dubeli ilipokaa kwenye glasi ikapata joto, ndizi ikajitokeza. Nyeupe ya ngano ionjwe kwenye nyuzi 5 hivi, sezoni 7 au 8, tripeli 8 hadi 10, dubeli 10 hadi 12. Friji ikiwa kwenye nyuzi 4 na chumba kikiwa 30, chupa ya mililita 330 huchukua kama robo saa kufika 10. Nakuru, chumba kikiwa 20, hesabu karibu nusu saa. Lakini hesabu hizo zinayumba kulingana na upepo na unyevu, kwa hiyo kipimajoto cha jikoni, cha kuchovya, ndicho kifaa ninachokihimiza kuliko glasi za bei. Chovya kwenye glasi yako mwenyewe, andika namba, kisha uonje. Friza haifai kwa sababu nyingine pia: mkisahau, chupa inapasuka.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote kwa mtu anayetathmini bia akiwa Kisumu. Bia iliyo mbele yako imetengenezwa mara mbili, mara moja na mwenye kiwanda na mara ya pili na njia iliyoileta. Kuzeeka kwa bia huenda kasi mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Mwezi mmoja juu ya kabati lenye nyuzi 30 unaifanya bia izeeke kama miezi miwili au mitatu kwenye stoo ya nyuzi 20. Alama zake zinajulikana. Ya kwanza ni karatasi ya boksi iliyolowa, harufu bapa isiyo na uhai. Kwenye bia nyeupe inatokea mapema na kuua ile harufu ya chungwa na giligilani kabisa. Tripeli iliyopigwa na joto hugeuka asali, utamu unaonata mahali palipotakiwa kuwa pakavu. Dubeli na bia nzito za rangi nyeusi huvumilia zaidi, kwani uzee wao huja na zabibu kavu na tende, na hizo tayari zimo ndani yake, kwa hiyo mwonjaji anaweza kudanganyika na kuusifu uzee. Mwanga nao una alama yake: chupa ya kijani au isiyo na rangi ikikaa juani, hata muda mfupi, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hutoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia hukinga zaidi, lakini si kinga kamili.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa tathmini usiwe ladha, uwe safari: tarehe iliyo kwenye lebo, ilinunuliwa lini, ilisafiri vipi, ilikaa wapi na kwenye joto gani, stima ilipotea mara ngapi kama unakumbuka. Tarehe za Ubelgiji huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kama zetu. Nyingi ni tarehe ya mwisho ya kutumiwa, na bia nzito hupewa miaka kadhaa, kwa hiyo tarehe ya mbali haimaanishi bia ni changa. Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji, huandika pia tarehe ya kujazwa, jambo la msaada mkubwa, maana bia hiyo hujazwa pamoja na hamira ya Brettanomyces inayoendelea kuibadilisha: ikiwa changa hopsi ndizo zinazosikika, na baada ya miezi kadhaa inakauka na kunuka ngozi na zizi. Kwake hilo si kosa, ndilo kusudi.

Veranda na samaki. Samaki waachwe hadi baada ya kazi. Mafuta ya kukaangia yakigusa midomo yanaingia kwenye glasi na kulivunja povu, na pilipili ya kachumbari inauchoma ulimi kwa muda mrefu. Mezani wakati wa kuonja pawe na maji ya kunywa yasiyo baridi sana na mkate mweupe mtupu. Kama mliwasha dawa ya mbu ya kuchoma, au jiko la makaa lilikuwa karibu, pua zenu zilikuwa zimejaa moshi kabla ya chupa ya kwanza. Kaeni ndani, madirisha yenye wavu, feni ikielekezwa miguuni. Saa nne au saa tano asubuhi ya Jumamosi ni bora kuliko jioni kwa sababu pua haijachoka na mbu hawapo. Manukato na losheni yenye harufu viachwe siku hiyo, hasa mikononi, kwani mkono ndio unaoileta glasi puani.

Glasi ya mvinyo yenye tumbo na mdomo mwembamba inatosha kabisa. Inakusanya harufu, na glasi nne zinazofanana ni bora kuliko nne za kifahari zisizolingana. Ioshe kwa sabuni isiyo na harufu, isuuze mara tatu, ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha iache ikauke ikiwa imeinamishwa kwenye waya. Usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni. Ujue ni safi hivi: ilowanishe ndani, mwaga maji, nyunyiza chumvi. Chumvi ikishika kila mahali sawasawa, iko tayari. Ikiacha vipara, kuna mafuta, na povu lako litakufa hapo kisha utaiandika bia vibaya kwa kosa la glasi. Bia ikishamiminwa, viputo vilivyoganda ukutani vinakuambia jambo hilohilo.

Kuhusu maneno. Waonjaji wengi wanaoanza hukopa maneno ya lebo, wakaandika "mishmishi" na "toffi" wakati hawajawahi kunusa mishmishi. Msomaji wa Kisumu hatajua umesema nini, na wewe hujui pia. Nendeni soko la Kibuye mrudi na ndizi zilizoiva hadi ganda lina madoa, karafuu, mbegu kavu za giligilani, pilipili manga, chungwa, zabibu kavu au tende, na kipande cha sukari nguru. Weka kila kimoja kwenye kikombe chake: karafuu tatu zilizopondwa, kijiko cha chai cha giligilani iliyopasuliwa, ganda la chungwa lililokunjwa ili mafuta yake yatoke, sukari nguru iliyoyeyushwa kwa vijiko viwili vya maji moto. Kikombe cha mwisho kiwe na kipande cha boksi kilicholoweshwa. Funika kwa visosa dakika kumi. Kila mtu anuse kila kikombe sekunde mbili tatu, na kati ya kimoja na kingine anuse kiwiko chake mwenyewe kuituliza pua. Vikombe vibaki mezani hadi mwisho. Mtu akisema "kuna kitu nakijua lakini silikumbuki jina," arudi vikombeni. Kwa kawaida huwa amekipata ndani ya dakika moja.

Vikombe hivyo havikuchaguliwa ovyo. Giligilani na ganda la chungwa hutiwa kweli kwenye bia nyeupe ya ngano. Bia hiyo ilikuwa imekufa katika mji wa Hoegaarden, Ubelgiji, hadi mwenyeji wa huko, Pierre Celis, alipoifufua miaka ya 1960. Sukari nguru inakaribia sana sukari iliyopikwa hadi kuiva rangi ambayo Wabelgiji huiweka kwenye dubeli, na ndiyo inayoipa rangi ya kahawia na harufu ya tende. Tripeli nayo hupata sukari nyeupe, ambayo huliwa yote na hamira bila kuacha uzito, ndiyo maana bia ya asilimia 9 inateremka kwa wepesi kuliko inavyostahili. Mwenye kujua busaa ana faida nyingine: uchachu wa lambiki, zile bia za bonde la Senne karibu na Brussels zinazochachushwa na vijidudu vya hewani, unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya laktiki, ndiyo hiyo iliyomo kwenye busaa na maziwa mala. Andika "uchachu wa mala," msomaji wako atakuelewa papo hapo.

Utaratibu wa kuonja uwe nyeupe ya ngano, sezoni, dubeli, tripeli, dakika kumi kati ya moja na nyingine. Wako wanaotanguliza tripeli kwa sababu ya rangi. Mimi nafuata nguvu ya kileo, maana kileo ndicho kinachoizima pua. Mililita 75 za kila moja, ikiwa zina asilimia 5, 6.5, 7 na 9, zinampa kila mtu kama mililita 21 za kileo halisi, sawa na chupa moja ya nusu lita ya Tusker ya asilimia 4.2. Ni kiasi ambacho mtu mzima hubaki na akili ya kuandika. Tripeli nzima ya asilimia 9 peke yake inazidi hiyo Tusker kwa karibu nusu, jambo ambalo chupa ndogo haikuonyeshi. Ni kwa waliotimiza miaka 18, na atakayeendesha gari au pikipiki baadaye anuse tu.

Mbele ya glasi, tazama kwanza kwa sababu povu halisubiri: rangi, uangavu, urefu wa povu, na kama linaacha nyuzi ukutani. Kisha nusa mara tatu. Mara ya kwanza glasi ikiwa imetulia na pua juu ya mdomo wake, pumzi fupi. Pili, zungusha kidogo. Tatu, funika kwa kiganja, zungusha, funua, nusa. Andika baada ya kila mara, kwa sababu pua huzoea harufu ndani ya dakika na kuacha kuitambua. Onja kiasi cha kijiko kikubwa, kipitishe ulimi mzima, umeze, kisha toa pumzi kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo karafuu na pilipili manga hujitokeza kwa uwazi zaidi. Usiteme, uchungu na ukavu wa tripeli husikika baada ya kumeza. Muda huo wote mtu asizungumze. Mmoja akisema "ndizi" kwa sauti, wanne wataandika ndizi.

Alama ni jambo dogo, lakini mkizitaka, tumieni mgawanyo wa BJCP, chama cha Marekani kinachowathibitisha waamuzi wa bia: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, jumla ya yote 10, hizo ni 50. Naupenda kwa sababu sura ina 3 tu. Alama ziandikwe mwisho na kwa siri. Zikiachana kwa zaidi ya 7, msigawanye kwa wastani. Rudini kwenye glasi muulizane mmoja kanusa nini ambacho mwingine hakunusa.

"Tamu, nzito, nimeipenda, 8 kwa 10" haimsaidii mtu aliye dukani. Linganisha na hii, ya tripeli isiyo na jina:

"Mililita 330, asilimia 9. Lebo imebakiza miezi minane. Ilisafiri kwa basi, ikakaa friji siku tano, ikaonjwa kwenye nyuzi 9 kwa glasi ya mvinyo. Dhahabu iliyokolea, ukungu hafifu. Povu jeupe la vidole viwili, likashuka likabaki duara ukingoni hadi mwisho. Harufu ya ganda la chungwa kwanza, pilipili manga, karafuu kwa mbali. Ilipofika nyuzi 12 asali ikajitokeza. Inaanza na utamu wa mkate, gesi inachoma ulimi katikati, inamalizia kavu na uchungu unaokaa kama nusu dakika. Kileo kinapasha koo bila kuunguza. Asali imeanza kuyafunika matunda. Nadhani ni joto la njiani, si mapishi. 38."

Kila neno hapo linaweza kupingwa na mwingine mwenye chupa hiyohiyo, na ndiyo maana lina thamani. Angalia pia kwamba hukumu ya asali imewekewa "nadhani," kwa kuwa mwandishi ana chupa moja tu. Chupa moja yenye harufu ya boksi lililolowa inatosha kuandika "chupa hii imechoka," haitoshi kuandika "bia hii ni mbaya." Ukipata ya pili kutoka duka jingine na ikawa vilevile, basi andika bila woga. Na msiite kila dubeli bia ya watawa. Neno Trapisti linalindwa: bia itengenezwe ndani ya kuta za monasteri, watawa wakiisimamia, na mapato yaende kwenye mahitaji yao na misaada. Westmalle, Rochefort na Chimay zimo. Tripeli iliyopikwa Nairobi inaweza kuwa nzuri sana, lakini ni ya mtindo wa Ubelgiji, na msomaji ana haki ya kujua tofauti.

Ile tripeli ya kabatini ishushe leo hii. Isimame nyuma ya friji hadi Jumamosi ijayo, kisha itoe, ipumzike mezani kadiri ya robo saa, ipime. Mimina kwanza mililita 50 safi kwa kila mmoja wenu, zionjeni na kuandika kama nilivyoeleza. Mililita 80 zinazofuata, ambazo bado ni safi, ziende kwenye jagi dogo. Zungusha 50 za mwisho pamoja na mashapo yake, ziende kwenye jagi jingine. Sasa maliza ubishi wa matope. Kila mtu kwa zamu afumbe macho mbele ya vikombe vitatu vya kahawa, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili vya chai vya bia: viwili vya safi, kimoja cha mashapo, mpangilio ubadilishwe kila zamu na mtu ambaye hasemi neno. Aonje vyote vitatu na akitaje kile kisichofanana. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja ana nafasi moja kati ya tatu; wote wanne kupatia kwa bahati ni mara moja kati ya 81. Wanne mkipatia, mwenzenu alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwenye tathmini ya tripeli hiyo ongezeni mstari mmoja: imiminwe bila mashapo, maana mashapo yake yanabadilisha ladha kiasi cha kutambulika macho yakiwa yamefumbwa.